Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Moshi: mafuriko yakija, watu wapikiwe kwanza

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Tunakuandikia kwa kuwa ndiwe mwenyekiti wa Kamati ya Usimamizi wa Maafa ya Wilaya. Sisi ni wapishi wa shughuli na wataalamu wa lishe wa hapa Moshi. Ombi letu ni moja: mvua ikinyesha mlimani, na mito ya Rau, Karanga na Weruweru ikafurika huku tambarare, watu wapikiwe kwanza. Magunia ya mahindi yaje baadaye.

Mtu aliyetoka ndani usiku, maji yakiwa kiunoni, hana sufuria, hana kuni kavu wala maji safi. Ukimpa mahindi umempa mzigo. Mashine ya kusaga ya jirani nayo imelowa au haina umeme, na ikiwaka inadai hela ambayo hana. Mwisho wake atayauza kwa bei ya kutupa.

Majiko tayari yapo, ni ya shule. Serikali imekwisha kuzitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, hivyo shule zenye majiko ya gesi zilizo sehemu za mwinuko ziorodheshwe mapema, kila moja iwe na mitungi ya akiba ya kilo 38 na simtanki la lita 5,000. Watu 500 wanahitaji walau lita 1,500 kwa siku za kunywa na kupikia, bado hujaosha sahani hata moja. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 kinatibu lita 20 za maji meupe, na ni lazima kusubiri dakika 30. Maji ya mafuriko yana tope, na tope huimaliza dawa kabla haijaua vijidudu. Yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha viwekwe vidonge viwili.

Saa za mwanzo, pikeni uji. Kwa watu 500 ni unga kilo 25, maji lita 200, sukari kilo 10, katika sufuria tatu za lita 100. Uji wa watoto wadogo utiwe mafuta, kijiko kimoja cha chai kwa kikombe, kwa sababu uji mtupu hujaza tumbo maji na mtoto anabaki na njaa.

Maharage siku ya kwanza ni kosa. Hayakulowekwa usiku, kwa hiyo yatakaa jikoni saa tatu au zaidi huku foleni ikichemka, na yakipakuliwa hayajaiva vizuri yanatapisha na kuharisha. Anzeni na choroko, zinaiva ndani ya saa moja bila kulowekwa. Maharage ya kesho yalowekwe jioni hiyo hiyo, maji ya kulowekea yamwagwe. Ugali nao usubiri wapishi waliozoea sufuria kubwa. Mikono mipya huacha unga mbichi katikati. Wali ni salama zaidi: mchele kilo 75, choroko au maharage kilo 40, mafuta lita 11 kwa mlo mmoja wa watu 500. Milo miwili ya namna hiyo pamoja na uji wa asubuhi inavuka kidogo kilokalori 2,100 (kipimo cha nguvu ya chakula) kwa mtu kwa siku, kiwango cha kawaida cha msaada wa dharura.

Na barabara ya kutoka mjini ikikatika, msisahau chakula cha juu mlimani. Mikungu 15 hadi 20 ya ndizi mbichi kutoka Kibosho au Machame inatosha mlo mmoja wa idadi hiyo. Ndizi huiva upesi jikoni, na kazi ya kumenya inawapa waathirika wenyewe jambo la kufanya. Tumeona hilo linatuliza watu kuliko hotuba.

Foleni huharibika kwa upawa. Wa mwanzo wanajaziwa, wa mwisho wanapata mchuzi. Upawa uwe wa ujazo mmoja, na mpakuaji aambiwe kila sufuria itoe sahani ngapi. Wazee, wagonjwa na wajawazito wapelekewe walipo, kwa orodha ya mabalozi wa nyumba kumi. Chakula kilichokaa saa nne bila kuwekwa motoni kimwagwe, hasa wali, maana sumu ya wali uliolala haifi kwa kupashwa moto.

Mambo mawili tunaomba uyakataze wazi. La kwanza ni mahindi yaliyolowa. Watu watayaokoa ghalani na kuyaanika. Huruma itatuponza, kwa sababu sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, haitoki kwa kuchemsha wala kukoboa hakuimalizi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. La pili ni maziwa ya kopo na chupa za watoto kugawiwa kama sadaka. Mahali pasipo na maji safi, chupa huleta kuhara, na mama aliyekuwa ananyonyesha vizuri hupungukiwa maziwa. Mpeni mama huyo chakula zaidi na kona yenye faragha.

Wasamaria wema wanaoleta pilau iliyopikwa nyumbani washukuriwe, kisha waombwe walete mchele, choroko, mafuta na sabuni. Hatuwezi kujua pilau ile ilipikwa saa ngapi.

Baada ya kama wiki moja, familia zikipata sufuria na mahali pa kupikia, jiko la pamoja lipungue. Familia ya watu watano kwa siku 15 ipewe unga (si mahindi) kilo 30, maharage kilo 4.5, mafuta lita 2 na chumvi gramu 375. Soko la Mbuyuni likiwa wazi na barabara inapitika, fedha kwa simu ni bora zaidi: mama atanunua na mboga.

Bei za mchele, choroko na gesi zikubaliwe na wafanyabiashara sasa, kwa mkataba, kwa sababu siku ya mafuriko bei hupanda na taratibu za ununuzi hazikimbii. Mama lishe wenye vyeti vya kupimwa afya waandikwe kata kwa kata, na walipwe posho. Tunaomba kikao na kamati yako kabla Machi haijaingia. Tutakuja na hesabu za kila kata.

Wapishi wa shughuli na wataalamu wa lishe,
Moshi