Malalamiko: kuzuiliwa pasipoti na amana, na kuvunjiwa heshima mbele ya wateja

Kwa Meneja,

Salamu. Naandika kwa adabu, ingawa niliyotendewa katika ofisi yenu ya Moshi hayakuwa na adabu hata chembe.

Fomu ya makabidhiano ya gari nililokodi kwenu mnayo. Penye spea na jeki kijana wenu ametia tiki. Nilimwambia wazi kwamba naendesha mwenyewe: Ziwa Chala kwanza, kisha nirudi hadi Boma Ng'ombe nishike njia ya vumbi ya chemchemi za Chemka. Akanihakikishia gari liko tayari. Chala nilifika salama, nikasimama juu ukingoni nikitazama maji. Ng'ambo ile ni kwetu Kenya, maana mpaka umepita humo humo ziwani. Mpaka hapo sikuwa na neno nanyi.

Tairi la nyuma lilipasuka nikiwa nimeshaiacha lami. Kulitoa la spea, upepo hamna na nyuzi za waya zimetokeza ubavuni. Jeki ipo, mkono wake haupo. Na niliporudisha gari, mtu wenu wa ofisini akathubutu kuniambia, "Dada, njia zile haendi mwanamke peke yake. Ungekuja na mumeo tungeongea naye." Hakuniuliza kama niliumia. Pasipoti niliyompa asubuhi ili aitoe kopi akaifungia kwenye droo, ufunguo akautia mfuko wa shati, akasema sitaipata mpaka nilipe tairi.

Nambari yenu ya dharura nayo ilipokewa na mtu aliyesema "nakupigia sasa hivi", halafu simu ikazimwa. Walioniokoa ni vijana wa bodaboda. Walilinyanyua gari kwa gogo na mawe, wakabeba ringi mpaka Boma, wakanitafutia tairi kuukuu nikalilipia mimi. Mungu awalipe. Chemka sikuiona, na ndiyo niliyoifuata kutoka Mombasa.

Droo ile hainitoki akilini. Foleni ya wateja ilikuwa nyuma yangu, wengine na mabegi yao ya mlimani. Mimi nimejaa vumbi, mikono myeusi kwa grisi, nasema, "Kaka, naomba pasipoti yangu, kesho navuka mpaka pale Holili." Akaupigapiga mfuko wenye ufunguo, akawageukia wale wateja akicheka, akarudia kwa sauti: mwambie mumeo apige simu. Mtu mzima mimi, na leseni yangu, na sahihi yangu kwenye mkataba wenu! Nililipa shilingi 150,000 alizotaka, juu ya amana ya 400,000 aliyokataa kurudisha. Pasipoti aliitupa mezani. Hakunikabidhi mkononi.

Naomba mnirudishie amana yangu yote na hizo 150,000. Pia bei ya tairi nililonunua, risiti ya fundi nimeiambatisha. Na kwa kuwa mlinipa gari bovu mkiliandika zima, nataka na kodi ya siku ile, yote. Tena nataka barua ya kuniomba radhi yenye sahihi yako, Meneja, na ya mtu yule. Simu ya pole sitaipokea.

Nawapa siku 7. Zikipita, nakala ya barua hii, pamoja na picha za tairi lile na jeki ile, itafika Tume ya Ushindani inayolinda walaji, polisi, na Ubalozi wetu Dar es Salaam. Pasipoti ni mali ya Serikali ya Kenya. Hakuna mkataba wa kukodi gari unaowapa ninyi ruhusa ya kuifungia kwenye droo kama rehani ya tairi.

Na gari lile liondoeni barabarani leo, kabla hamjampa mtu mwingine ufunguo wake. Akidhurika mtu baada ya barua hii kuwafikia, hamtaweza kusema hamkujua, nami nitakuja Moshi kutoa ushahidi kwa nauli yangu.

Wenu,
Mteja, Mombasa