Wito wa harambee: tuwafundishe wahudumu wa gari la wagonjwa kuyatambua maradhi ya ndani ya mwili

Kwa wazazi wa wanafunzi wetu, wahitimu walio kazini, viongozi wa makanisa na misikiti, madereva wa masafa marefu, wafanyabiashara wa Malaba na Tororo, na wote wanaolitakia mema eneo hili la mpaka wa Uganda na Kenya: tunawasalimu kwa heshima.

Chuo chetu kinawaandaa wahudumu wa gari la wagonjwa. Wanafunzi 32 walioko mwaka wa pili wamekwisha kujua kuzuia damu, kufunga gango mfupa uliovunjika na kumtoa majeruhi kwenye gari lililopondeka bila kuitikisa shingo yake, na katika barabara inayotoka Malaba kwenda Jinja na Kampala ujuzi huo haukai bure. Hata hivyo, wagonjwa wengi tunaoitwa kwenda kuwachukua hawana jeraha lolote. Sukari imeshuka, kifua kimebana, upande mmoja wa mwili umelegea, au homa imepanda hadi mtoto amepata degedege. Huko ndiko wanafunzi wetu walikobaki nyuma, nasi tunawaomba mtusaidie kulijaza pengo hilo.

Mwaka jana, katika foleni ya malori mpakani, dereva mmoja wa makamo alionekana akiyumba, akijibu maneno yasiyoeleweka na kutaka kumpiga aliyemshika mkono. Watu waliomzunguka walisema amelewa, na mmoja alishauri apelekwe polisi. Mwanafunzi wetu aliyekuwa katika mafunzo ya vitendo alipomgusa mgongoni alikuta shati limelowa jasho na ngozi ni baridi, ingawa jua lilikuwa limeshapungua. Alimgeukia utingo akamuuliza, “Kaka, mzee anatumia dawa gani?” Utingo akajibu kwamba mzee alijidunga insulini, dawa ya kushusha sukari mwilini, alfajiri, akitarajia kuvuka kabla ya saa sita na kula ng'ambo, lakini foleni haikusogea na hakula chochote mpaka jioni. Binti huyo alihakikisha kwamba mzee bado anaweza kumeza, akamnywesha soda kidogo kidogo, na baada ya kama robo saa mzee akauliza yuko wapi na funguo za lori ziko kwa nani.

Tulimpongeza, na alistahili. Lakini mkobani mwake hamkuwa na kipima sukari, kwa hiyo alifanya kazi kwa kukisia. Lau mzee angekuwa amekwisha kuzimia, soda hiyo ingeweza kumpalia na kuingia mapafuni. Angehitaji kuwekewa dripu ya glukosi kwenye mshipa, jambo ambalo wanafunzi wetu wamelisoma daftarini tu, kwa sababu hatuna mkono wa sanamu wa kujifunzia kutafuta mshipa. Hatutaki uhai wa mtu mwingine utegemee kwamba alikuwa bado anaweza kumeza.

Mafunzo tunayoyakusudia ni ya wiki 12, yakiongozwa na daktari wa magonjwa ya ndani pamoja na wauguzi wenye uzoefu wa wodini. Mwanafunzi ataanza kwa utaratibu ule ule kwa kila mgonjwa: njia ya hewa, pumzi, mzunguko wa damu, kisha fahamu. Atahesabu pumzi kwa dakika nzima akiangalia saa, maana mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya 12 na 20 kwa dakika, na anayevuta 30 yuko hatarini hata kama anaongea vizuri. Kila mgonjwa aliyepungukiwa na fahamu atapimwa sukari mapema, kwa kuwa sukari iliyoshuka chini ya milimoli 4 kwa lita inaweza kuiga ulevi, kifafa na hata kiharusi. Na ikiwa ni kiharusi kweli, mhudumu aandike saa ambayo mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya kichwa. Hospitali isipopewa saa hiyo, mgonjwa anaweza kuikosa dawa hiyo.

Pumu nayo inahitaji sikio lililozoezwa. Kifua kinachopiga filimbi kinatisha, lakini kifua kilichonyamaza huku mgonjwa akizidi kuchoka kinatisha zaidi, kwani hewa haipiti tena. Watafundishwa pia maumivu ya kifua, mzio mkali, malaria kali inayomshusha mtoto sukari, na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ambayo hapa Uganda haiwezi kuachwa pembeni: uchunguzi wa watoto wachanga wa nchi nzima uliofanyika mwaka 2014 na 2015 ulikuta vinasaba vyake kwa watoto wapatao 13 katika kila 100.

Sehemu kubwa ya kazi hii ni kuuliza. Nyumbani wagonjwa wetu huzungumza Kidhopadhola, Kiteso au Kisamia, na madereva hutoka Mombasa wakielekea Kigali. Lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Kwa hiyo mazoezi ya kuchukua maelezo ya mgonjwa yatafanyika kwa Kiswahili, ili mwanafunzi azoee kumwambia mama mzee, “Shikamoo mama, maumivu yalianza ukiwa unafanya nini?” na kuyasubiri majibu bila kumkatiza.

Wapo waliotushauri tuchangishe fedha za gari jipya kwanza. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Gari tulilonalo linatembea. Kinachopungua ni ujuzi wa anayekaa nyuma na mgonjwa.

Gharama yote ni shilingi 28,000,000 za Uganda. Mikoba 8 ya vipimo, kila mmoja ukitumiwa na wanafunzi 4, itagharimu shilingi 4,800,000, na ndani yake kutakuwa na kipima sukari, kipima presha, kipima joto, kipimo cha oksijeni cha kidoleni na kisikilizio cha moyo. Mashine ya kuchora umeme wa moyo ni shilingi 6,500,000, na mikono miwili ya sanamu ni 3,200,000. Posho na nauli za wakufunzi zitachukua 9,500,000, na vijiti vya kupimia sukari, sindano na dripu 4,000,000. Wazazi wamekwisha kuchanga 7,300,000, tena wengine walileta mahindi yakauzwa, tunawashukuru mno. Zimebaki 20,700,000.

Mchango upokelewe na mweka hazina ofisini, naye atatoa stakabadhi hapo hapo. Aliye na kifaa kizima asichokitumia akilete pia, mradi kikaguliwe na mkufunzi kabla ya kupokelewa. Wauguzi na madaktari walio tayari kutoa hata siku moja ya kufundisha wajiandikishe kwa mkuu wa chuo. Hesabu za mapato na matumizi zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo kila mwisho wa mwezi. Vipima sukari ndivyo vitakavyonunuliwa kwanza, na mkoba wa kwanza utapelekwa kwenye zamu ya mpakani.