Jazi ya kipupwe: viti vigeuzwe vielekee wapigaji

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleikum. Mimi ni mshoni wa Vikokotoni, hapa Unguja mjini, nina miaka 69, na barua ya gazetini sijapata kuandika hata siku moja. Safari hii nimeshika kalamu kwa sababu ya tangazo lililobandikwa Darajani mwezi wa Juni: msimu wa jazi wa kiangazi, kila Alkhamisi, mpaka mwisho wa Agosti, katika ukumbi mmoja wa Mji Mkongwe. Ukumbi wenyewe sitautaja. Wenyewe wakisoma watajijua.

Nilicheka peke yangu njiani. Kiangazi kipi? Juni mpaka Agosti kwetu ni kipupwe, kusi linavuma, na mimi usiku silali bila ya sweta. Kiangazi chetu kinakuja na kaskazi, Disemba mpaka Februari. Mjukuu wangu akanieleza: "Bibi, hicho kiangazi cha wageni. Kwao sasa joto, skuli zimefungwa, wamekuja huku pwani." Nikafahamu kwamba msimu umepimwa kwa kalenda ya mtu mwengine. Neno tu lisingenikera, kama lingebakia pale kwenye karatasi.

Mjukuu wangu huyo anapiga besi, ile kubwa inayosimamishwa kama mtu mzima. Gari haiingii vichochoroni, kwa hivyo kila Alkhamisi jioni besi inapanda mkokoteni wa hamali, imevaa koti la turubai nililolishona mwenyewe, shilingi 5,000 kwenda na 5,000 kurudi. Wiki ya mwanzo walipokuwa wanarudi nayo usiku, mzee mmoja aliyekuwa barazani aliinuka akasema "Inna lillahi", akawafuata hatua kumi nzima kabla hajaambiwa kuwa ile ni ala ya muziki.

Nilikwenda kusikiliza, jina langu limeachwa mlangoni, bila ya hivyo nisingeingia. Na niseme kweli, nilikwenda nikitegemea kitu chengine. Kwa sisi wa umri wangu jazi ilikuwa Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, magitaa ya bara yanayokuja redioni na sisi tunapiga pasi. Nikakaa nikitafuta magitaa yako wapi. Palikuwa na besi, dramu, piano, saksafoni ya mgeni mmoja wa Kijerumani, na kijana wetu mwenye kanuni mapajani, ile ala ya taarab yenye nyuzi nyingi juu ya ubao.

Wakaanza na sauti moja wote pamoja, mara mbili, ukaishika. Halafu mmoja akaondoka nayo. Akaigeuza, akaivunja, akaitoa nje kabisa nikadhani ameipoteza, kisha akairudisha, na mwengine akaipokea. Hapo nikajisemea: kumbe ni taksimu, ile mpigaji anaitunga papo hapo! Tafauti ni kwamba katika taarab mpigaji wa taksimu huachwa peke yake na wenziwe wakangoja, na hapa chini yake besi inaendelea kutembea, haisimami, kama mtu anayepanda Mkunazini na kapu la soko.

Kijana wa kanuni alipoingia alianza katika bayati, moja katika njia za sauti za taarab. Yule Mjerumani akafumba macho, akasikiliza, akaanza kuitafuta kwa midomo, akikaza na kulegeza, mpaka akaipata. Mpiga piano hakuweza, maana katika bayati iko sauti moja inayokaa baina ya kibao cheupe na cheusi, na piano haina kitu pale. Akakunja mikono akatabasamu. Nimesikiliza muziki tangu nina nywele nyeusi, Mhariri, na dakika zile sijui nizifananishe na nini.

Kisha ikafika zamu ya besi. Wengine wakanyamaza, dramu ikabaki kwa brashi tu, sauti kama mtu anachekecha unga. Mjukuu wangu akaiinamia ala yake. Mtoto yule nimemlea juu ya sakafu ya chumba cha cherehani, akilala juu ya vipande vya satini vya sare za waimbaji. Nikainuka. Kwetu mtu akikukuna moyo unamtunza, hilo halina mjadala. Nikatoa noti ya 2,000, nikaikunja kwa urefu, nikaenda mbele polepole kwa mwendo wetu, bega hili, bega lile. Nimefika nusu ya njia mhudumu akanizuia kwa sinia.

"Bi mkubwa, usiwasumbue wasanii."

"Mwanangu, simsumbui, namtunza."

Akasema utaratibu hauruhusu. Kijana mwenyewe kwa lafudhi si wa hapa, simlaumu. Lakini Mjerumani aliniona. Akashuka, akaja akaipokea ile noti kwa mkono wa kulia, akainama, akenda akaichomeka kwenye nyuzi za besi. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Kwenye meza ya Wataliana wakainuka watatu, mmoja ameshika euro kumi juu, anatembea kama anapanda ngazi za meli, lakini anakuja. Usiku ule wapigaji waligawana tunza iliyozidi nusu ya ujira wao.

Alkhamisi ya pili nikakuta kikaratasi juu ya kila meza: wageni wanaombwa wasiwakaribie wapiga muziki. Na kwenye kaunta limewekwa kopo la bahashishi, ambalo mpaka leo mjukuu wangu hajaona linafunguliwa.

Sasa nieleze namna ukumbi ulivyopangwa, maana hilo ndilo hasa lililonifanya niandike. Wapigaji wamewekwa pembeni, karibu na mlango wa jikoni. Kila mlango ukifunguliwa unatoka mvuke wa pweza wa nazi na kelele za masufuria, na sauti ya kanuni inaingia ndani badala ya kuja kwetu. Viti vyote vinatazama bahari. Saa tatu za usiku bahari ni giza, hakuna cha kutazama ila taa za majahazi mawili matatu, lakini watu wamekaa wameupa muziki mgongo kwa sababu viti vimewapangia hivyo. Tangazo linasema saa mbili. Kwa kipupwe hiki Isha inakuwa imeshasaliwa, saa mbili ni saa nzuri. Wanaanza saa tatu u nusu, wageni wamalize samaki kwanza. Mtu wa Fuoni atarudi kwa daladala ipi?

Wiki ya tatu kanuni ikahamishiwa wakati wa supu, dakika kumi, na kijana akaambiwa taksimu aifupishe kwa sababu wageni wanalala. Na spika zikaongezwa. Ala ambayo imetengenezwa isikilizwe na watu waliokaa kimya umeitia kwenye spika ya harusi ya rusha roho, ile taarab ya kisasa ya kuchezwa, sasa utasikia nini? Sina ugomvi na rusha roho, nimezishonea magauni miaka na miaka na zimenilisha. Ila kila kitu na chombo chake. Wenzangu watakumbuka lile giza la 2009 kuingia 2010, miezi mitatu Unguja nzima haina umeme. Mimi nilirudia cherehani ya mguu. Kulikuwa na harusi moja mtaani kwetu, wenyewe hawakupata jenereta, kundi likapiga hivyo hivyo, taa za chemli, hakuna kipaza sauti. Akina mama mia na zaidi uwanjani na nai, ile filimbi ya mwanzi, ilisikika mpaka kwenye mlango wa nje. Watu walijinyamazisha wenyewe.

Mjukuu wangu alipokwenda kumuuliza meneja, aliambiwa kwamba jazi ni muziki wa watu waliozoea kukaa wakasikiliza, na wenyeji hawajazoea, wanataka kuzungumza na kuinukainuka. Hili niliposikia nilitua mkasi. Nadi Ikhwan Safaa, klabu yetu ya taarab, imeasisiwa hapa hapa mwaka 1905. Sahani ya santuri ya kwanza ya jazi ilitoka Marekani mwaka 1917. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, alishakwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake kwenye santuri. Watu wa mji huu walikuwa wamekaa kwenye viti, fidla na udi mbele yao, wanangoja bashraf, ule muziki wa ala tupu wa kufungulia, imalizike ndipo mwimbaji anyanyuke, wakati huo wengine hata jina la jazi hawajalisikia. Nilipokuwa msichana tulikuwa tunasimama chini ya dirisha la klabu wakati wa mazoezi, na ole wako ukohoe, mkubwa atakupiga kikumbo. Leo naambiwa sijui kusikiliza na mtu ambaye viti vyake vinatazama maji.

Na kuinuka kwetu kutunza ndiyo kusikiliza kwenyewe. Wao wanapiga makofi mpigaji akimaliza zamu yake, sisi tunakwenda na noti.

Mjukuu wangu alinionesha kwenye simu klabu moja ya New York, Village Vanguard, iliyofunguliwa mwaka 1935. Nilidhani nitaona jumba. Kumbe ni chumba cha chini ya ardhi, unashuka kwa ngazi, watu wanaoingia ni mia na kidogo tu. Chakula hawauzi. Jumatatu ni usiku wa bendi yao kubwa, na jambo hilo limeanza mwaka 1966. Yaani mtu aliyekuwa kijana siku hiyo ni babu sasa, na bado anajua Jumatatu aende wapi. Hapo ndipo nilipoona kasoro yetu iko wapi. Huu wetu ni msimu, miezi mitatu, Septemba ikifika vijana wanarudi kungoja simu. Ukija Ramadhani ala zinafunikwa mwezi mzima, na wengine hapo huenda kubeba mizigo bandarini. Matamasha tunayo, Sauti za Busara mwezi wa Februari, filamu za Nchi za Jahazi na muziki wake Ngome Kongwe, na mimi huwa nakwenda nikipata wa kunishika mkono. Lakini tamasha ni kama Idi. Mpigaji besi anakula siku za kawaida.

Kuhusu siku, naomba wenyewe wanisamehe kwa kuwa labda hawakujua. Alkhamisi jua likishazama kwetu umeingia usiku wa Ijumaa. Nyumba nyingi zina Yasini na uradi usiku huo. Majirani zangu watatu, wapenzi wa taarab hasa, mmoja wao anakumbuka nyimbo ambazo waliozitunga wameshazisahau, wote wameniambia jibu moja: "Usiku wa Ijumaa? Hapana, shoga." Ingekuwa Jumamosi ningekwenda nao mguu kwa mguu. Kiingilio nacho ni shilingi 30,000 pamoja na soda moja. Gauni la mtoto nashona kwa 10,000, na zipu nimetia. Kumsikiliza mjukuu wangu mara moja ni magauni matatu.

Sisemi wageni wafukuzwe, Mungu apishe mbali, hata zile euro kumi zilifanya kazi. Wageni wana kiu kuliko tunavyodhania. Wale Wataliana waliniuliza kwa ishara kanuni ina nyuzi ngapi, na nilikuwa sijui, ikabidi kijana aje azihesabu mbele yetu tatu tatu, na hakuna aliyelala. Ninachoomba ni kidogo, na nadhani kinawezekana hata kabla msimu haujafungwa. Wapigaji watolewe mlango wa jikoni wawekwe ukutani upande wa bara, viti vigeuzwe, mwenye kutaka kutazama bahari ipo hapo tangu asubuhi. Saa mbili iwe saa mbili, chakula kije baada ya duru ya kwanza. Spika zipunguzwe mpaka kanuni isikike inavyotoka kwenye mbao. Itolewe Jumamosi moja, hata moja katika mwezi, kwa shilingi 3,000, bila ya soda, maji tutakuja nayo. Na msimu ukimalizika usimalizike, usiku huo mmoja ubakie, Oktoba, vuli ikinyesha, hata tukiwa watu ishirini. Na kile kikaratasi cha juu ya meza kiondolewe.

Jambo la mwisho, si malalamiko. Pazia jekundu la nyuma ya wapigaji limechanika upande wa kushoto, na pindo limeshonwa na mtu mwenye haraka, uzi mweupe unaonekana mpaka meza ya nyuma. Nililitazama usiku kucha, hata wakati wa bayati jicho lilikuwa linanirudi pale. Wanunue mita nane za kitambaa kizito, wamkabidhi mjukuu wangu. Kushona nitashona bure, na nitalifanya pana, lifunike na mlango wa jikoni.

Jina langu na namba ya simu unavyo, Mhariri, usivitoe. Nisaini tu hivi:

Bibi yake mpiga besi,
Vikokotoni, Unguja