Kabla ya kuwapeleka ng'ambo, waambieni hiyo digrii ya pili inafanya kazi wapi

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, ila ile habari yenu kuhusu fursa za wanafunzi wa sheria kwenda kusoma ng'ambo na kutoka na digrii mbili imenikera mpaka nimeshindwa kunyamaza. Ile yenye picha ya vijana wamevaa majoho, bendera nyuma yao. Nimeisoma mwanzo mpaka mwisho natafuta sentensi moja tu inayosema kijana akishamaliza na digrii zake mbili ataruhusiwa kufanya uwakili wapi. Haipo. Ada mmeandika, hosteli mmeandika, mpaka mwezi wa kutuma maombi upo, lakini hilo ambalo ndo kila kitu kwa mtu anayesomea sheria hamkuuliza na hamkuambiwa.

Mimi nafanya kazi ya sheria, na nataka wasomaji wenu waelewe kitu kimoja. Mhandisi akijifunza kupiga hesabu ya nguzo, hesabu hiyo ni ileile popote aendapo. Sheria inaishia mpakani. Aliyesoma kwenye nchi za mfumo wa Kiingereza, ambako hukumu za majaji zinajenga sheria, akienda Ufaransa anakuta kila kitu kinaanzia kwenye kanuni zilizoandikwa na Bunge, na kesi yenyewe inaendeshwa kwa namna nyingine kabisa. Kwa hiyo mwaka mmoja wa kusoma huko unaweza kumfungua mtu akili, na nakubali kwa moyo wote kwamba unafungua, lakini unaweza pia usihesabike popote ukirudi. Hayo ni mambo mawili tofauti na wanaouza hizi programu wanayachanganya.

Sasa nieleze yaliyompata mpwa wangu. Binti wa dada yangu alikuwa mwaka wa tatu, mwanafunzi mzuri, akachaguliwa kwenda mwaka mzima kwenye chuo shirika cha nje. Kabla hajaondoka aliwaandikia ofisi ya kitivo chake kuuliza masomo atakayosoma huko yatahesabiwaje, akajibiwa kwa mstari mmoja, "tutaangalia ukirudi". Nilimwambia aombe jibu la maandishi lililokamilika, akarudi kuomba, wakamwambia asiwe na wasiwasi, wengine wameenda na wamerudi salama. Basi akaenda, akasoma, akafaulu vizuri mno, walimu wa kule wakamsifia. Karudi, faili likakaa, likazunguka meza kwa meza, mwisho anaitwa na kuambiwa masomo yote ya kule yameingizwa kama masomo ya hiari, na ya lazima bado anadaiwa, sheria ya ushahidi, sheria ya ardhi na taratibu za kesi za madai, arudie mwaka. Wenzake aliowaacha wameshaanza mafunzo ya vitendo kwenye ofisi za mawakili na yeye anakaa darasani na waliokuwa nyuma yake, ada inalipwa upya, na mama yake ndo anayelipa. Alinipigia simu analia, "mjomba, mbona niliuliza?" Na kweli aliuliza! Hilo ndilo linalonichoma. Angekuwa hakuuliza ningesema uzembe, lakini mtoto kauliza swali sahihi, kwa maandishi, kwa watu ambao kazi yao ni kulijibu, na hakuna hata mmoja aliyemwomba radhi mpaka leo, eti utaratibu ndivyo ulivyo. Utaratibu gani huo ambao mwanafunzi anausikia baada ya kumaliza?

Na msiniambie haiwezekani kujua mapema. Mpango wa Erasmus wa Ulaya upo tangu 1987, na huko mwanafunzi hasafiri bila mkataba wa masomo wenye sahihi za pande tatu, yeye mwenyewe, chuo anachotoka na chuo anachokwenda, umeandika kabisa somo gani la kule linasimama badala ya somo gani la nyumbani. Karatasi tu. Haihitaji bajeti wala kamati.

Zipo pia programu za digrii mbili zilizofikiriwa na watu wenye akili. King's College London na Panthéon-Sorbonne ya Paris wana kozi ya miaka 4, miwili London na miwili Paris, unasoma sheria ya Uingereza kwa Kiingereza na sheria ya Ufaransa kwa Kifaransa, unatoka na shahada za pande zote mbili zinazotambulika kila mahali kwake. Huingii bila Kifaransa cha kueleweka, wanakwambia mapema. McGill kule Montreal wanafundisha mifumo yote miwili kwa pamoja ndani ya programu moja, na mhitimu anapewa digrii mbili za sheria. Sasa linganisheni na hizi za mwaka mmoja wa haraka zenye jina la "kimataifa" mbele, ambazo digrii ya pili ni cheti cha kuning'iniza ukutani.

Kisha kuna hii LLM ya Marekani, yaani shahada ya uzamili ya sheria, ambayo kila kijana anaambiwa ndo tiketi ya kuwa wakili New York. Nani amewaeleza masharti? New York kwanza inaangalia digrii yako ya nyumbani: lazima iwe imetimiza masharti ya elimu ya kuwa wakili hukohuko ulikosomea, halafu wanapima muda wake na kama sheria uliyosoma ni ya mfumo unaofanana na wao. Ukipungukiwa moja kati ya hayo mawili, muda au mfumo, LLM inaweza kuziba. Ukipungukiwa yote mawili haizibi. Na sio LLM yoyote, inatakiwa krediti 24, yaani vipimo vya uzito wa masomo, kutoka chuo kilichoidhinishwa na chama cha mawakili cha Marekani, ndani yake kuwe na maadili ya uwakili, utafiti na uandishi wa kisheria, utangulizi wa sheria za Marekani, na krediti 6 za masomo yanayotahiniwa kwenye mtihani wa uwakili wa New York. Mtoto anachukua LLM ya haki za binadamu tupu, nzuri tu kama elimu, halafu anakuja kugundua hawezi kukaa kwenye mtihani. Wakati huohuo England na Wales tangu 2021 wana mtihani wao wa SQE, wa kuwa solisita, yaani wakili wa kule, ambao hauhitaji LLM wala hata digrii ya sheria, unatakiwa uwe na digrii yoyote au kinacholingana nayo, ufaulu hatua mbili za mtihani na uwe na miaka miwili ya kazi inayokubalika. Familia zinauza mali kulipia LLM ya Uingereza zikidhani bila hiyo mtoto hawezi kuwa solisita kule!

Na hapohapo niseme la ofisi za usajili za vyuo vyetu hivi, maana yanaendana. Bodi za mitihani za nje zinataka matokeo yatumwe moja kwa moja na chuo, mwanafunzi hawezi kubeba bahasha yake mwenyewe. Basi chuo kinachukua hela ya kutuma, kinanyamaza, tarehe ya mwisho inapita, ukiuliza unaambiwa mhusika yuko likizo. Hivi likizo ya mtu mmoja ndo ifunge maisha ya mwingine? Na walimu nao, barua ya mapendekezo inaombwa miezi kabla, inakuja baada ya dirisha kufungwa, au mwalimu anamwambia mwanafunzi "andika mwenyewe nitasaini". Hii nayo andikeni habari yake, mtapata wasomaji wengi kuliko mnavyodhani.

Sisemi vijana wasiende. Waende! Sheria ya kimataifa, usuluhishi wa biashara, sheria ya bahari, haki za ubunifu, hizo zinasafiri na mtu. Tuzo ya usuluhishi, yaani uamuzi wa msuluhishi, inatekelezwa kwenye nchi nyingi duniani kwa sababu ya Mkataba wa New York wa 1958, kijana akibobea hapo atafanya kazi popote. Akademia ya Sheria ya Kimataifa ya The Hague inaendesha kozi za kiangazi tangu 1923 na haimdanganyi mtu kwamba anapata digrii, ni wiki chache za kukaa mbele ya mabingwa na anayetoka pale anatoka mtu mwingine. Lakini ushahidi, ardhi na taratibu za mahakama zisomwe nyumbani, au kiandikwe kabisa nani atazikubali.

Pendekezo langu ni hili. Gazeti lenu lisichapishe tena habari wala tangazo la programu ya namna hii bila kisanduku kwenye ukurasa uleule, maandishi yasiwe madogo kuliko ya ada, chenye mambo manne: mhitimu ataruhusiwa kufanya mtihani wa uwakili nchi zipi kwa majina, krediti ngapi zitahesabiwa akirudi, masomo yapi ya lazima atayarudia, na makubaliano ya vyuo hivyo viwili yanaisha tarehe gani. Chini yake sahihi ya mkuu wa kitivo, jina lake kamili na tarehe ya mwaka huohuo, isiwe ya ofisi ya masoko wala ya wakala. Mkuu wa kitivo akikataa kusaini, tangazo lirudishwe pamoja na hela yake, na ukurasa unaofuata mwandike kwamba alikataa.

Wakili na msomaji wenu wa siku nyingi