Unataka kwenda Ghana? Anza na kadi ya njano, tiketi baadaye

Kuna dada mmoja aliingia ofisini kwetu Kariakoo jioni ya Jumatatu, tiketi kashakata mwenyewe kwenye simu, safari Ijumaa, anachotaka tumtafutie hoteli tu Accra. Nikamuuliza dada, kadi ya njano unayo, ile ya chanjo ya homa ya manjano? Akasema nitachanja kesho. Ikabidi nimkalishe nimweleze kwamba hata akichanja kesho asubuhi na mapema, cheti kinaanza kuhesabika baada ya siku 10, na mtu wa afya pale uwanja wa ndege Accra anakagua kadi na tarehe yake. Akasogeza safari, na hela aliyolipa kubadilisha tarehe ingemlaza hoteli siku mbili tatu. Iliniuma kweli maana dada yule ni mtu wa biashara ndogo, kila shilingi ina kazi yake, ndo maana naandika hii.

Wateja wengi wakija kuulizia Ghana swali la kwanza ni viza. Sasa viza kwa Mtanzania au Mkenya anayeenda kutembea muda mfupi sio ndo shida, unaingia na pasipoti yako tu, ila mambo haya hubadilika kwa hiyo sisi tunahakiki upya kila tunapokata tiketi, na pasipoti iwe imebaki na angalau miezi sita. Ukienda kusoma au kufanya kazi hiyo ni habari nyingine kabisa.

Chanjo ya homa ya manjano ndo inayokwamisha watu. Unachanjwa mara moja tu, tangu mwaka 2016 cheti ni cha maisha, kwa hiyo kama ulichanjwa 2012 na kadi imeandikwa mwisho miaka kumi usihangaike kurudia, bado inafaa. Ila itoe hiyo kadi uiangalie leo, jina liwe vilevile kama kwenye pasipoti, tumeshaona mtu kadi inasema Mwanaidi na pasipoti inasema Mwanaid, herufi moja tu na anaanza kuulizwa maswali. Muhuri uwepo, tarehe isomeke. Siku ya safari kaa nayo mkononi pamoja na pasipoti, usiitumbukize kwenye begi kubwa linaloenda chini ya ndege, na ukirudi Dar utaulizwa tena kwa sababu unatoka nchi yenye homa ya manjano. Na jamani, zile kadi za kununua bila sindano achaneni nazo. Ugonjwa huu unaua na dawa yake ya kuutibu haipo, chanjo ndo kinga. Malaria nayo ipo kule kama huku, dawa na chandarua vilevile.

Ndege mara nyingi utapitia Addis Ababa, Nairobi au Kigali. Tukikupangia tunaangalia muda wa kusubiri katikati, tiketi ya bei rahisi yenye kukaa uwanjani usiku mzima na mtoto mgongoni sio rahisi tena.

Halafu saa. Ghana wako nyuma yetu masaa matatu, kwetu ikiwa saa sita mchana kule ni saa tatu asubuhi, na kule hakuna anayehesabu saa kama sisi. Mteja wetu mmoja, dereva wa kumpeleka Cape Coast alimwambia kwa Kiingereza nakuja saa "eight", mteja kichwani akaweka saa nane mchana, akalala zake, dereva kaja saa mbili asubuhi kasubiri kaondoka na siku nzima ikapotea. Kwa hiyo kwenye ratiba zetu tunaandika kabisa "saa 2 asubuhi, simu itaonyesha 08:00". Kwa nini tusiandike, kama inamwokoa mtu?

Hela yao inaitwa cedi, shilingi yetu hakuna wa kuibadilisha kule hivyo beba dola, noti safi zisizochanika wala kuandikwa peni, za mia zinapata bei nzuri kuliko ndogondogo. Usibadilishe zote siku moja. Laini ya simu unasajili kwa pasipoti, na malipo ya simu wanayaita MoMo, kila mtu anayo, hata mama wa chakula.

Kuhusu chakula msiwe na hofu. Kuna waakye, wali na kunde vimepikwa pamoja na majani yanayoupa rangi nyekundu ya kahawia, asubuhi utakuta foleni barabarani, mama anachota anaweka kwenye jani, anaongeza tambi, yai, chengachenga za muhogo wanazoziita gari (sio gari la kupanda) na shito, ile pilipili nyeusi ya samaki. Mwambie pilipili kidogo, kidogo ya kule bado ni nyingi. Banku inafanana na ugali ila unga umechachushwa, mara ya kwanza ulimi unashtuka, mara ya tatu unaagiza mwenyewe. Na chochote unachompa mtu, hela au mkono, toa wa kulia, hilo kwetu Waswahili sio geni. Nguo za madoa ya kijeshi ziache nyumbani, raia haruhusiwi kuvaa.

Muda mzuri ni kuanzia Novemba mpaka Machi, mvua zimepungua, japo kuna vumbi la jangwani linaitwa harmattan, midomo inakauka, beba mafuta. Desemba Accra inajaa watu wa ughaibuni na bei za vyumba zinapanda sana, kama unataka Desemba tuambie Agosti. Mei na Juni kusini kunanyesha.

Ombi langu moja, msiishie soko la Makola pale Accra kununua vitenge mkarudi. Cape Coast ni kama kilomita 145 kutoka Accra, foleni ya Kasoa inaweza kula asubuhi yako kwa hiyo ondoka alfajiri na ulale hukohuko. Kule kuna ngome walimofungiwa watumwa kabla ya kusafirishwa. Nilishuka mwenyewe kwenye vyumba vyake vya chini, giza, kidirisha kimoja juu, na juu ya chumba cha wanaume walijenga kanisa, watu wanasali na wengine wako kwenye minyororo chini ya miguu yao. Mimi mtu wa Bagamoyo, nilikaa kimya njia nzima. Ngome nyingine ya Elmina iko karibu tu, Wareno waliijenga 1482. Kesho yake nenda hifadhi ya msitu ya Kakum, kuna madaraja saba ya kamba juu ya miti, unapita msitu uko chini yako, mpe mwili nafasi ya kupumua. Ukiwa na siku zaidi ya saba ongeza Kumasi na kijiji cha Bonwire wanakofuma kente, kile kitambaa chao cha rangi nyingi, ununue kwa mfumaji mwenyewe.

Wanaotaka kuvuka mpaka kwenda Lomé, huko ni Togo, nchi nyingine, Kifaransa, hela nyingine na masharti yake ya kuingia, semeni kabla hatujakata tiketi.

Ukija ofisini njoo na pasipoti, kadi ya njano na idadi ya siku ulizonazo. Kama kadi huna, njoo vilevile, tutahesabu siku kwanza ndo tufungue kompyuta ya tiketi.