Umeme wa kompyuta kuu na vijana wa Tanga

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Daftari la somo la kompyuta la mwanangu, hapa Ngamiani, lina mchoro wa prosesa, yaani kifaa kinachofanya hesabu ndani ya kompyuta, ya aina moja tu. Wenzetu Ulaya na Marekani wanajaribu kuunganisha tatu: ya kawaida iratibu kazi, ya kwanta, inayotumia kanuni za chembe ndogo kabisa, ikokotoe mienendo ya molekuli, na inayoiga ubongo itambue sauti na picha kwa umeme kidogo. Umeme ndio unaonishughulisha zaidi. Kompyuta kuu ya Frontier, Marekani, hula zaidi ya megawati 20, yaani wati milioni 20. Ubongo wa mwanadamu hutumia takriban wati 20 tu! Tunaoujua mgao wa umeme tuna kila sababu ya kulifuatilia jambo hili. Walimu wetu wa fizikia na hisabati waanze kulifundisha sasa.

Mzazi,
Ngamiani, Tanga