Wimbo wa Newton haukutungwa melini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wanaoandaa maonyesho na jioni za nyimbo kuhusu Amazing Grace, yaani Neema ya Ajabu, waache ile simulizi ya nahodha wa meli ya watumwa aliyepigwa na dhoruba, akatubu, akawafungua mateka na kuutunga wimbo papo hapo. Ni tamu, tena hujaza viti, ila tarehe zinaikana.

Dhoruba ilimkuta John Newton, mtunzi wa wimbo huo, Machi 1748 akiwa abiria ndani ya Greyhound, meli iliyobeba nta, pembe za ndovu na mbao. Mateka hawakuwamo. Unahodha aliupata baadaye, katika meli ya Duke of Argyle na kisha ile ya African: safari tatu kati ya 1750 na 1754, akichukua watu pwani ya Sierra Leone na jirani zake na kuwauza Antigua na Saint Kitts. Bahari aliiacha 1754 kwa sababu ya maradhi ya ghafla. Dhamiri ilikuwa bado imelala. Wimbo aliuandika akiwa kasisi katika mji wa Olney, Uingereza, mwishoni mwa 1772, uendane na mahubiri ya 1 Januari 1773 kuhusu 1 Mambo ya Nyakati 17:16-17, pale Daudi anapouliza yeye ni nani hata Mungu amfikishe hapo. Kijitabu cha kuilaani biashara ile alikitoa 1788, miaka 34 baada ya kushuka melini, na humo akakubali kwamba ungamo lake limechelewa.

Tarehe hizo ziandikwe ukutani, mlangoni kabisa. Makumbusho ya Cowper na Newton yana bahati ya kuwa Olney kwenyewe. Asiye na bahati hiyo atumie nakala za daftari la safari za Newton, ambalo limehifadhiwa Greenwich, London, katika makumbusho ya bahari. Desemba 1752 aliandika kwa mkono wake kwamba aliwatia wavulana pingu na kuwabana vidole gumba kwa chuma ili waungame njama. Ukurasa huo usomwe kabla ya kwaya kuimba. Ukisomwa baadaye, watu wameshafuta machozi na wanawaza usafiri wa kurudi nyumbani.

Picha nazo huchanganywa ovyo. Minyororo ya soko la watumwa la Mkunazini na misafara ya bara ni habari ya Zanzibar ya karne ya 19. Soko lile lilifungwa 1873, miaka 100 kamili baada ya ibada ya Olney, na Newton hakufanya biashara upande wetu huu. Kwa zama zake, mchoro wa Brookes, meli ya watumwa ya Liverpool, unaoonyesha mateka walivyopangwa ndani, uliochapwa kuanzia 1788, unafaa zaidi. Nafasi ya kulala ya mwanamume mmoja humo ni futi 6 kwa futi 1 na inchi 4, sawa na sentimita 183 kwa 41. Bandikeni utepe sakafuni kwa kipimo hicho, mistatili kumi ikigusana, bila nafasi ya kupita katikati. Msiwalaze watoto wa shule humo. Utepe unatosha; mtu akilazwa, wenzake huanza kucheka na kupiga picha, na somo limekwisha.

Kwa upande wa kwaya, Newton aliandika beti sita. Ubeti wa miaka elfu kumi, unaopendwa sana kumalizia, si wake. Hata tuni tuliyoizoea iliunganishwa na maneno yake na William Walker, Marekani, mwaka 1835. Hivyo anayetangaza kuimba "kama Olney 1773" kwa tuni hiyo anawadanganya wasikilizaji. Mizani ya Kiingereza ni silabi 8, 6, 8, 6, na tuni yoyote ya mizani hiyo itaubeba. Tafsiri ya Kiswahili ihesabiwe silabi kwa vidole kabla ya mazoezi, maana maneno yetu ni marefu, na mistari ya silabi 6 ndiyo hufurika kwanza, waimbaji wakaanza kumeza irabu.

Mwisho yaachwe maswali, dakika 20 hivi. Moja haliwezi kukosa: je, Newton aliwaachia huru watu wa meli zake? Anayejibu asizunguke. Aliwauza.

Mpenda nyimbo za kale,
Unguja